Tulivyokwenda bustani ya michezo ya maji na watoto watatu: uzoefu wangu

Sentimita mbili ndizo zilizomtoa machozi binti yangu wa katikati, saa tatu na nusu asubuhi, jua hata halijakolea. Alikuwa ameshapanda ngazi zote za mtelezo mkubwa wa bomba, ana tyubu yake mkononi na moyo wote uko kule chini majini. Mhudumu akamsogeza kwenye ubao wa kimo, akamwambia avue ndala. Kichwa kikaishia chini ya mstari. Mstari uko sentimita 120, mwanangu ana 118.

"Mama, si ulisema nitapanda?"

Nilisema kweli. Nilikuwa nimetazama umri wake, miaka saba, nikaona anatosha. Sikujua kwamba kwenye sehemu hizi umri hauulizwi, kinachopimwa ni kimo, na kwa sababu ya msingi: mwili uliotimia kimo hukaa sawasawa ndani ya bomba, na mtoto akitokea chini anaweza kusimama mwenyewe kwenye bwawa la kupokelea. Yule kijana wa pale juu alifanya kazi yake barabara, na alimwambia kwa upole, akachuchumaa ili amtazame machoni. Lakini kushuka ngazi zote zile huku watu wanapanda, mtoto analia, ni jambo ambalo ningeweza kumwepusha nalo kwa kumsimamisha ukutani nyumbani nikiwa na futi ya fundi cherehani.

Kwa hiyo kwa yeyote anayepanga siku kama hii, naanzia hapo. Pima watoto wote kabla ya kukata tiketi, bila viatu, kisha ulizia mipaka ya kila mtelezo. Tulikokwenda ilikuwa mitatu, 105, 120 na 140. Ukiwa na namba hizo mkononi unajua nani atacheza wapi, na muhimu zaidi, unajua wazazi mtagawanyikaje. Sisi tulikuwa sita: mimi na mume wangu, mama yangu mzazi, kifungua mimba wa miaka kumi na mmoja, huyu wa saba, na kitinda mimba wa mitatu. Kifungua mimba alifaa karibu kila kitu. Kitinda mimba alifaa bwawa la watoto na kwingine kuchache sana. Huwezi kuwa kwa wote wawili kwa wakati mmoja, na mpango wa siku nzima unatokana na ukweli huo mmoja.

Safari yenyewe tuliiahirisha kwa wiki mbili. Kitinda mimba alikuwa ameharisha, na ingawa siku ya tatu alikuwa anarukaruka, mimi nilikataa. Kuna vijidudu viitwavyo kriptosporidia ambavyo klorini haiviui haraka. Vinaweza kuishi zaidi ya wiki moja hata kwenye bwawa lililotiwa dawa vizuri, na mtoto aliyeugua anaweza kuendelea kuvitoa hata baada ya tumbo kutulia. Nepi za kuogelea hazizuii mtoto anayeharisha kuchafua maji, zinachelewesha tu. Kifungua mimba alininunia siku mbili kwa ajili ya uamuzi huo. Ningeurudia tena leo.

Tulifika nusu saa kabla ya lango kufunguliwa, na hapa nasifu bila kusita. Saa ya kwanza ina thamani kuliko saa tatu za mchana. Mitelezo mikubwa haikuwa na foleni kabisa. Kifungua mimba na baba yake walishuka ule wa bomba mara tano kabla ya saa nne, na ilipofika saa tano watu walikuwa wanangoja dakika arobaini kushuka mara moja. Wengi wakiingia wanakimbilia maji ya kwanza wanayoyaona, yaliyo karibu na lango. Nyinyi nendeni moja kwa moja mwisho wa bustani, mrudi taratibu mkielekea langoni.

Waokoaji wa mitelezo walikuwa makini. Kila anayeshuka kwenye bomba lisilo na tyubu alielekezwa kulala chali, mikono ikunjwe kifuani na vifundo vya miguu vipishane, na hakuachiliwa mpaka aliyetangulia ametoka majini kabisa. Nilimwona mmoja akimrudisha baba mtu mzima aliyetaka kushuka amempakata mwanawe mdogo. Baba yule alikasirika. Mimi nilifurahi, kwa sababu mguu wa mtoto ukinasa kati ya mwili wa mzazi na ukuta wa bomba, uzito wa mzazi ndio unaouvunja.

Sasa bwawa la watoto. Hapa nataka kusema polepole.

Maji yalinifika magotini. Kuna uyoga mkubwa unaomwaga maji, vitelezo vidogo, ndoo inayojaa na kupinduka. Kitinda mimba alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Niliinama kufunga kamba ya jaketi okozi la mtoto wa katikati, aliyekuwa ameanza kutulia. Mama yangu, aliyekaa ukingoni amelowesha miguu, aliita jina langu mara moja tu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo. Nilipogeuka mwanangu alikuwa ameinamia maji, uso umezama. Hakulia. Hakurusha maji. Mikono yake miwili ilikuwa inabonyeza maji kwenda chini, kama mtu anayejaribu kujiinua kwenye meza ambayo haipo. Nilimnyanyua, akakohoa, akanikumbatia shingoni, na ndani ya dakika moja akataka kurudi kwenye uyoga. Mimi magoti yalikuwa yananitetemeka.

Sikuwahi kufikiri kwamba kuzama hakuna kelele. Nilikuwa na picha ya mtu anayepunga mikono na kupiga yowe. Mtu anayezama hana pumzi ya kupigia yowe, na mikono haimtii kupunga, inabonyeza tu. Kwa mtoto mdogo yote huisha kwa muda mfupi sana. Mwokoaji alikuwepo, alikuwa ameshaanza kuja, na sina lawama naye. Ila alikuwa na watoto wengi wa kutazama, mimi nilikuwa na wawili.

Kuanzia hapo tulifanya utaratibu ambao sasa ni sheria ya nyumba yetu. Mtu mzima mmoja anavaa kofia nyekundu. Mwenye kofia hafungi kamba, hapigi picha, hashiki simu, hafungui mkoba. Kazi yake ni kumtazama kitinda mimba, naye awe umbali wa mkono kunyooshwa. Baada ya dakika kumi na tano anamkabidhi mwingine kofia, anamwambia kwa mdomo "yuko kwako". Kabla ya hapo tulikuwa watu wazima watatu, na kila mmoja alidhani mwingine anatazama.

Maboya ya mikononi, yale ya kupuliza, tulikwenda nayo tukayaacha kwenye kabati. Ni vitu vya kuchezea, yanachomoka na yanapasuka. Bustani inaazima majaketi okozi bure, ya saizi zote, na ombi langu ni kwamba uyachukue mapema kwa sababu madogo yanakwisha. Jambo jingine dogo: msimvalishe mtoto nguo ya kuogelea ya buluu au nyeupe. Chini ya maji haionekani. Kitinda mimba alivaa rangi ya chungwa inayowaka, na hata katikati ya umati nilimpata kwa jicho moja.

Bwawa la mawimbi ndilo waliloliongelea zaidi njiani tukirudi. King'ora kinalia, watu wanapiga kelele, mawimbi yanakuja dakika kumi, kisha maji yanatulia. Kifungua mimba alikatazwa kupita pale maji yanapomfika kiunoni, na hata hapo wimbi lilimnyanyua likamweka pembeni kama kizibo. Umati ukiwa mkubwa mwokoaji haoni yaliyo katikati, kwa hiyo tulikaa pembeni, karibu na kiti chake. Wasioogelea vizuri nawashauri wakae kwenye maji ya vifundoni, pia wanafurahi.

Joto la nchi za tropiki linadanganya kwa njia mbili. Ya kwanza ni baridi. Maji huondoa joto mwilini kiasi cha mara ishirini na tano kuliko hewa, na mtoto mdogo hupoa upesi kuliko mtu mzima. Kitinda mimba alikaa majini dakika arobaini, jua kali juu yake, akaanza kutetemeka meno yakigongana. Midomo ilikuwa imepauka. Nilimtoa, nikamkausha, nikamfunga taulo kavu, akakaa kivulini na bibi yake. Leteni taulo zaidi ya idadi yenu, maana iliyolowa haisaidii.

Ya pili ni jua lenyewe. Saa sita mchana linakaa utosini, na kwenye kipimo cha nguvu ya miale ya jua inayounguza, ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu aanze kujikinga kikifika 3, katika ukanda huu mara nyingi hupita 11, daraja la juu kabisa. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ondoka juani. Tuliwavalisha watoto fulana za kuogelea za mikono mirefu, na sehemu zilizobaki tukapaka losheni ya jua ya SPF 30 (namba ya nguvu ya kinga yake) dakika ishirini kabla ya kuingia, kisha kila baada ya saa mbili na kila walipokaushwa. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, ya 50 kama asilimia 98. Hivyo msihangaike na namba kubwa, hangaikeni na kurudia kupaka. Na ngozi nyeusi nayo huungua. Mabega ya mume wangu, aliyekataa losheni, yalikuwa ushahidi siku tatu nzima.

Lililonikera la kwanza ni kivuli. Vibanda vya bure vilijaa kabla ya saa nne, na mama yangu, mtu mzima wa miaka yake, alihangaika kutafuta pa kukaa mpaka kijana mmoja mgeni alipomwachia kiti. Mkienda na mzee, mmoja wenu akakamate kivuli lango likifunguka, mitelezo itamsubiri.

La pili ni bwawa dogo la ndani. Mabwawa ya nje hayakuwa na harufu, maji yalikuwa meupe hadi unaona mistari ya sakafu. Lile la ndani macho yalituwasha tangu mlangoni. Watu husema "klorini imezidi", lakini harufu ile kali hutokana na klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo, na mara nyingi maana yake ni kwamba inayobaki kufanya kazi ni kidogo. Kwenye ubao wa ukutani kulikuwa na vipimo: klorini, ambayo haipaswi kushuka chini ya miligramu 1 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ambayo inatakiwa iwe kati ya 7.0 na 7.8. Namba zilikuwa nzuri, ila ziliandikwa saa mbili asubuhi, na mimi nilikuwa nasoma saa saba mchana. Nilimweleza msimamizi. Alinisikiliza, akamwita fundi, fundi akaja na kifaa chake, na baada ya muda bwawa likafungwa. Hilo la kufunga nalihesabu upande wao. Kuacha kupima kutwa nzima silihesabu. Wageni nao tuna sehemu yetu: dakika moja ya kuoga kabla ya kuingia huondoa sehemu kubwa ya jasho na uchafu, na sikuwaona wengi wakisimama pale bafuni.

La tatu ndilo lililoniuma. Saa tisa alasiri tulikuwa kwenye mto wa kuelea, sote sita kwa mara ya kwanza siku ile, mama yangu kwenye tyubu yake anasukumwa na wajukuu, ametulia kabisa, mkono unagusa maji. Ngurumo ikasikika kwa mbali. Filimbi zikapigwa bustani nzima, wote tukatolewa, hata waliojibanza chini ya miavuli ya makuti wakahamishiwa kwenye jengo la zege. Ni sawasawa kabisa: ukisikia radi, iko karibu ya kutosha kukupiga, na kanuni ni kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kila ikinguruma, saa inaanza upya. Tulikaa saa moja na dakika ishirini, na bustani inafungwa saa kumi na moja. Nilipouliza kuhusu muda uliopotea nilioneshwa nyuma ya tiketi, maandishi madogo mno: mvua na radi hazirudishi pesa. Langoni hakuna aliyetuambia, na hali ya hewa ya alasiri walikuwa wanaijua kuliko sisi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Nyota yangu ya tano imezuiwa na vile vipimo vya asubuhi na yale maandishi ya nyuma ya tiketi. Kwa familia yenye watoto wa miaka minane na kuendelea, nendeni. Kwa wenye wachanga wa chini ya mwaka mmoja, siku nzima ni ndefu mno. Bado tunapanga kurudi, siku ya katikati ya wiki, msimu wa kiangazi, na langoni nitauliza habari ya radi kabla sijatoa pesa. Mto wa kuelea tutauanza asubuhi safari hiyo, kwa ajili ya mama.