Mateka wa Badr na wa Hawazin: fidia au kuachiwa bure?

Aya ya 4 ya Surat Muhammad inataja njia mbili kwa mateka wa vita: kuwaachia kwa hisani au kuwakomboza kwa fidia. Mtume alizitumia zote.

Katika vita vya Badr dhidi ya Maquraishi wa Makka, mwaka 624, fidia ndiyo iliyotawala. Mateka walikuwa kama 70. Wenye uwezo walilipa hadi dirhamu 4,000. Wasio na mali lakini wanaojua kuandika walifundisha watoto wa Madina. (Mshairi Abu Azza, fukara mwenye mabinti, aliachiwa bure kwa ahadi ya kutopigana tena. Akarudi kupigana katika vita vya Uhud, akakamatwa na kuuawa.)

Hawazin, kabila la Kiarabu lililoshindwa na Waislamu mwaka 630, ni habari nyingine. Wapokezi wa habari hizo wanataja mateka 6,000, wanawake na watoto, ambao tayari walishagawiwa wapiganaji. Ujumbe wa kabila ulipokuja umesilimu, uliambiwa uchague mali au watu. Ukachagua watu, wakarudishwa bila malipo. Kwangu mfano huu una uzito zaidi, kwani waliorudisha walikuwa na cha kupoteza.

Hata hivyo, tusiipambe historia: mafakihi (wataalamu wa sheria ya Kiislamu) wengi wa zamani waliruhusu pia kuwafanya mateka watumwa, na Mahanafi (wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa) wengi walikataa kuwaachia bure.