Felti na gundi ya moto: vazi la Sungura la mwanangu

Kwa Halloween, jioni ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, mwanangu wa miaka sita alitaka kuwa Sungura wa hadithi za bibi yake, na hapa Columbus, Ohio, vazi hilo haliuzwi popote. Nikanunua yadi 2 za felti ya kijivu (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, si cha kufumwa) na vijiti vya gundi ya moto, ile inayoyeyushwa kabla ya kubandika, kwenye duka la vitambaa la mtaani. Felti nimeipenda mno! Ukiikata haifumuki, kwa hiyo sikukunja pindo hata moja. Masikio niliyatia waya, yakasimama wima. Gundi ndiyo iliyoniangusha: jioni ya Oktoba 31 baridi iliifanya ngumu, mkia ukabanduka tukiwa nyumba ya tatu, mtoto akalia. Mkia shoneni kwa uzi. Na kateni vazi pana, sweta nzito iingie ndani.