Banda la zege ambalo ndege haiingii

Naanza na kisa chenyewe, maana nikianza na sifa nitapoa kabla sijasema nililokuja kusema.

Mwezi juzi hivi, au ule wa kabla yake, nilinunua kifurushi cha vitu vya uwanja wa ndege wa kijeshi kwa ajili ya X-Plane, simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Kina mnara, matangi ya mafuta, maghala ya silaha, uzio na taa. Kilichonitoa pesa mfukoni ni mabanda ya zege ya kufichia ndege za kivita, yale yenye mgongo wa kobe. Picha za tangazo zilikuwa tamu mno. Zege limechakaa kizege, kutu imetiririka chini ya bolti, na ukuta wa nyuma, pale injini zinapopumulia, umepakwa moshi mweusi usiolingana kushoto na kulia. Nikasema huyu fundi anajua kutazama. Nikalipa.

Usiku uleule nikapanga mabanda ishirini na mawili kwenye uwanja ninaoujenga tangu sijui lini. Nikachukua F-15, ndege ya kivita ya Kimarekani, nikaiendesha taratibu hadi banda la kwanza, kamera nimeiweka nyuma ya mkia ili nifaidi. Bawa la kushoto likazama ukutani. La kulia nalo likazama. Wala haikugonga, kwa sababu kuta hazikuwekewa ugumu wowote. Ilipenya tu kama mzimu, ncha zote mbili zikatokeza nje ya zege kama masikio.

Nikadhani nimekosea mstari. Nikarudi nyuma, nikaingia tena. Masikio yaleyale. Nikapima uwazi wa mlango: mita 12.3. F-15 toka ncha ya bawa hadi ncha ni mita 13.05. Hapo hakuna ufundi wa urubani utakaokuokoa.

Mtu asiyecheza mambo haya atasema mlango tu huo, acha nongwa. Sikiliza basi. Mabanda haya hayakujengwa kwa urembo. Tarehe 5 Juni 1967 ndege za Israel ziliteketeza sehemu kubwa ya jeshi la anga la Misri asubuhi moja, nyingi zikiwa zimeegeshwa wazi, zimepangwa kama vikombe mezani. Baada ya hapo NATO ikaanza kumwaga zege kwenye viwanja vyake Ulaya: tao la bati la chuma lenye mikunjo kwa ndani, zege nene juu yake, na tundu nyuma la kutolea moshi ili injini iwashwe humohumo. Shida yote ile, mabilioni yote yale, ni ili ndege iwe ndani. Sasa wewe unaniuzia banda ambalo ndege inabaki nusu nje?

Nikamwandikia muuzaji. Kwa adabu, naapa. Nikaweka picha mbili na kile kipimo, nikamaliza na "natanguliza shukrani." Jibu likaja siku ya tatu: "Ndugu mteja, Phantom yangu inaingia vizuri. Ndege yako ndiyo kubwa."

Nilisoma mara tatu. Ndege yangu ndiyo kubwa! Phantom, ndege ya kivita ya zamani zaidi, ina mita 11.7 toka ncha hadi ncha, lazima iingie, hata mimi nikibeba ngazi begani naingia. Nikajibu kwamba kwenye tangazo lake mwenyewe kuna F-15 imeegeshwa mbele ya banda hilohilo. Akaja na hili, nalinukuu lilivyo: "Jaribu kukunja mabawa." Kisha akafunga mazungumzo, sehemu ya kuandikia ikawa ya kijivu.

Mabawa ya F-15 hayakunjwi. Ya Phantom ndiyo yanakunjwa nchani, kwa sababu ilibuniwa kwa meli za kubeba ndege, ambako nafasi ni ya kugombania. Mtu anauza vifaa vya uwanja wa kijeshi na hilo halijui. Au analijua na alikuwa ananicheka. Sijaamua lipi linaniuma zaidi.

Jambo moja nimpe: ndani ya kifurushi aliacha faili asilia za Blender, programu ya kuchongea modeli kwenye kompyuta, ili mteja abadilishe apendavyo. Wengi hawafanyi hivyo. Nikafungua lile banda, nikabofya tao, nikatazama vipimo vya ukubwa, ambapo 1 maana yake hakijabanwa wala kuvutwa. Mhimili wa urefu 1.000. Wa kimo 1.000. Wa upana 0.820.

Yaani alilichora sawasawa, mita 15, halafu mahali fulani akalibana ubavuni kama mtu anayejipenyeza kwenye basi, akasahau. Ndiyo maana ile mikunjo ya bati ilionekana myembamba, nami nikadhani ni macho yangu. Nikafuta 0.820, nikaandika 1, nikabonyeza. Banda likapumua. Nilicheka peke yangu chumbani.

Kicheko hakikudumu. Milango ile inayoteleza kwenye reli ilichorwa baada ya tao kubanwa, kwa hiyo yenyewe ilibaki na upana wa mita 12.3. Tao sasa lina 15. Ukiifunga, kunabaki pengo la mita moja na sentimita thelathini na tano kila upande. Bomu halihitaji hata kulenga, linapita na baiskeli. Na ukiivuta milango kwa nguvu, maandishi ya onyo yaliyopakwa juu yake yanavutika nayo, herufi zinanenepa.

Basi nikaamua kujenga banda langu tangu msingi, nimwonyeshe.

Sitawachosha na kila usiku. La kwanza lilizama nusu ardhini kwa sababu kitovu cha modeli nilikiacha katikati ya tao badala ya sakafuni. Niliweka mabanda kumi kabla sijagundua, uwanja mzima ukawa kama makaburi. La pili lilikaa juu ya ardhi vizuri, ila nilisahau picha ya usiku, ile ambayo kwa desturi jina lake huishia na _LIT, hivyo giza likiingia taa zangu za mlangoni zilikuwa mapambo tu. La tatu nilichonga kila mkunjo wa bati mmoja mmoja, kwa fahari. Lilikuwa zuri likiwa peke yake. Nilipoliweka mara ishirini na mbili simuleta ikaanza kukohoa, ndege inakwenda kwa kurukaruka kama inapanda ngazi. Nikafumua, nikabakiza tao laini lenye pembetatu chache, mikunjo nikaiacha kwenye picha ya kubandika juu yake ili mwanga udanganye macho. Na toleo jingine jepesi zaidi la kuonekana kwa mbali, ambapo hakuna mtu atakayehesabu bolti.

Hapo ndipo nilipokwama kwenye zege. Langu lilitoka kama uji. Nikaongeza madoa, likawa uji uliomwagikiwa. Siku nne nzima. Usiku wa nne, kwa aibu, nikafungua tena folda ya yule bwana kuangalia yeye alifanyaje ule moshi wa nyuma. Amejaza kila kitu kwenye picha moja ya 2048 kwa 2048, hakuna kona iliyopotea: kutu, nyufa, mistari ya mbao za kumwagia zege, hadi alama ya tairi kwenye kizingiti. Nilikaa pale kama dakika ishirini natazama tu. Mimi sitakuja kuchora kitu kama kile.

Na ule waya wa kunasia ndege uliolazwa kukatiza njia ya kurukia! Sijausema makusudi. Ni kebo tu, wengi huchora mstari mweusi wakaondoka. Yeye ameunyanyua kidogo juu ya lami kwa visahani vya mpira, kama ulivyo kweli, ili ndoano ya ndege iuokote. Ukisogea karibu unaona kila kisahani kimepinda chake. Nani alimwomba afanye hivyo?

Kwa hiyo uamuzi wangu. Nilikuja kuweka nyota moja. Kwa kazi ya mkono ningeweka tano bila kupepesa, kwa ile "ndege yako ndiyo kubwa" ningechukua zote na kudai mbili juu. Weka mbili. Hapana, tatu, kwa ajili ya waya. Anayerusha Phantom anunue leo, hatajua kama kuna tatizo. Mwenye F-15 asinunue, au anunue akijua atalala saa nane usiku.

Banda lililoko uwanjani kwangu sasa ni tao langu na milango yangu, na zege ni lake, kwa matumizi yangu tu, sitalisambaza. F-15 inaingia, inabaki karibu mita moja kila upande. Nimewasha injini humohumo ndani, moshi ukatokea pale aliponichorea weusi.

Nikiwa katikati ya kuandika haya nimeona ametoa toleo jipya. Hakuna neno kwa mteja, mstari mmoja tu: "mlango umepanuliwa." Nimelipakua, hasira na yote. Mhimili wa upana: 1.000. Nikafunga milango kwa moyo mweupe kabisa.

Pengo la mita moja na sentimita thelathini na tano, kila upande.

Nirudishieni ile nyota ya waya.