Pac-Man anapitiliza kona, halafu muuzaji ananiambia vidole vyangu vimechoka

Hasira bado ninazo, mnivumilie. Kile kiboksi cha gemu za zamani zilizotolewa upya, chenye kijiti na vitufe, unachomeka kwenye tivii unacheza, msikinunue. Au ngojeni kwanza nimalize.

Nilikichukua hapa Dodoma, duka moja pale Uhindini, wiki chache zilizopita, kwa ajili ya Pac-Man tu, yule mdomo wa njano anayekula vidoti vichochoroni huku mizimu ikimfukuza. Ile ya 1980 nimeicheza sana utotoni, baba mdogo akinipa sarafu, na mkono wangu haujasahau. Ukikaribia kona unasukuma kijiti kabla hujaifikia, Pac-Man anaikata. Mizimu haiwezi kukata kona hivyo, kwa hiyo kila kona yule mwekundu unamwacha nyuma kidogo. Uhai wako wote uko hapo.

Sasa humu nasukuma juu, anapitiliza. Nasukuma tena, anapitiliza. Usiku mmoja nimekula mizimu mitatu kwa kidonge kimoja kikubwa, kile kinachoigeuza bluu kwa muda ili uweze kuila, pointi 200, 400, 800, bado wa nne wa 1,600. Yuko pale pale, bluu, ameanza kumetameta. Nikasukuma kushoto. Pac-Man akanyoosha mbele hadi ukutani, akaganda. Mzimu ukarudia rangi yake, ukanigeukia. Basi.

Kesho yake bodaboda hadi dukani, risiti mkononi. Kijana wa pale hakuinua hata macho kwenye simu. "Mama, gemu haina tatizo, vidole ndiyo vimechoka. Hizi ni za watoto." Nikamwambia, mwanangu, kichomeke hapa tuone wote. Akanyoosha kidole ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Wateja wawili wakacheka. Nilitoka pale natetemeka. Hela nimelipa mimi, taslimu, halafu nachekwa!

Lakini niseme ukweli. Jumamosi akaja mpwa wangu anayesoma UDOM, chuo kikuu cha hapa Dodoma, akacheza mara mbili, akasema, "Shangazi, hii ni tivii." Akanieleza kwamba hizi tivii bapa huichakata picha kwanza ndipo ziionyeshe, kwa hiyo unachokiona kimeshapitwa. Tivii za chogo, kama zile za kwenye mashine za sarafu, hazikuwa na ucheleweshaji huo. Akaingia kwenye mipangilio, akawasha sehemu ya gemu. Nikashika kijiti, nikasukuma juu, Pac-Man akapanda juu. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Ilikuwa gemu yangu, ile ile, hata mlio wa kula vidoti.

Kwa hiyo nunueni? Ningesema ndiyo, ila kijiti chenyewe nacho! Mashine ya Pac-Man ilikuwa na kijiti cha pande nne. Hiki kinakwenda pande nane, ukiteleza kidogo tu kimekaa mshazari na kona imeshapita. Aliyekitengeneza angecheza Pac-Man hata dakika kumi angeliona hilo. Kwa gemu za kupigana sawa, mshazari unahitajika. Kwa hii hapana.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba yule kijana angesema tu, "Mama, kaangalie mipangilio ya tivii yako," maneno matano sita, ningeondoka nikimshukuru.

Jana usiku nimefika hatua ya tano, ile ambayo tunda lake ni tufaha. Kiboksi sikirudishi tena. Duka lile sikanyagi, hata wakiniuzia nusu bei.