Mashine ya Kunyolea Sweta: Kabla Hujanunua, Angalia Hiki Kipete

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Tangu baridi ianze mmekuwa mkiniulizia hiki kidude, na leo ninacho hapa mkononi. Ni mashine ya kunyolea sweta, ile ya kuondoa vipele vinavyoota kwenye nguo za kufumwa. Nimeipenda sana, nasema mapema kabisa. Habari za uzito na rangi tuziache, boksi lenyewe limeandikwa. Inachajiwa kwa waya wa simu, twende.

Nina sweta la shule hapa. Wenzangu wa Njombe, Makete, Mafinga, na nyie wa Limuru huko, hili mnalijua. Tazameni viwiko, ndipo mtoto anapoegemea dawati. Tazameni na mabega, mikanda ya begi inasugua hapo kutwa nzima. Vipele vitupu! Na sweta lenyewe bado zima, halijatoboka popote, ila mtoto anaonekana kama amevaa tambara. Hilo ndilo linaloniudhi, maana mzazi anaingia dukani kununua jipya bila sababu.

Sasa kamera isogee. Sogea, sogea zaidi. Mnaona huu wavu wenye matundu? Wembe uko ndani, unazunguka nyuma ya wavu. Kipele kinaingia kwenye tundu, kinakatwa, nguo inabaki nje. Na hiki kinachozunguka wavu, hiki kipete, ndicho ninachotaka mkione. Ukikizungusha hivi kinapanda, ukirudisha kinashuka. Kikiwa juu, wavu unakaa mbali na nguo, kwa hiyo vinanyolewa vile vipele virefu tu. Kikiwa chini, wavu unalala kwenye nguo yenyewe. Mashine nyingi za bei ya chini hazina kipete, na ndiyo maana watu wanalalamika kwamba zinatoboa.

Nalaza sweta mezani, nalinyoosha kwa kiganja, lisiwe na mkunjo hata mmoja. Mkunjo ukiingia kwenye tundu, hapo umekata. Naanza na kipete juu. Sikandamizi, naachia mashine iteleze yenyewe, mduara mdogo mdogo… msikie huo mlio, krr krr, ni vipele vinakatwa. Mlio ukitulia, ujue pale pamekwisha. Sasa nashusha kipete hatua moja, narudia palepale. Kwenye nembo ya shule sipiti, imedariziwa ile, nyuzi zake zimesimama. Vifungo na mishono pia naikwepa. Haya, tazameni kiwiko cha kulia na cha kushoto. Cha kushoto sijakigusa bado. Jamani!

Na mkipenda sweta la mtumba lililofumwa wazi wazi, lenye vitundu vikubwa, kipete kisishuke kabisa. Kibaki juu.

Kitu ambacho sijakipenda ni hiki kikopo cha uchafu. Kidogo mno. Sweta moja la mtoto limekijaza, na kikijaa mashine inaanza kuvuta badala ya kukata. Ukiona inavuta, zima, fungua, mwaga, pitisha brashi kwenye wembe, endelea. Chaji ikiwa chini ni vilevile, wembe unapunguza mwendo, unang'ang'ania uzi. Ndiyo maana zile za betri mbili ndogo sizipendekezi. Ni rahisi, ndiyo, nimeziona kwa 8,000, hii nimeinunua 15,000. Lakini betri zikichoka kidogo tu, kazi inaharibika. Na wembe mtupu wa kinyozi, naomba muuache. Unakata kipele pamoja na uzi uliokishika.

Sasa mtu ameniuliza, mbona sweta la babu la sufu halifanyi vipele hivi? Linafanya. Nguo yoyote ya nyuzi fupi ikisuguliwa, ncha zinatoka nje, zinajisokota, kinakuwa kipele. Tofauti ni kwamba uzi wa sufu ni dhaifu zaidi, kwa hiyo kipele kinakatika chenyewe na kudondoka baada ya muda. Akriliki ni plastiki, uzi wake una nguvu, unakishikilia kipele hadi sweta linazeeka. Kwa hiyo kadiri ninavyoitumia, naona hii mashine ni ya wenye akriliki hasa. Kama masweta yako yote ni ya sufu, 15,000 yako inunulie sabuni nzuri ya maji kwanza.

Hujui lako ni lipi na lebo imekatwa? Chomoa kiuzi kwenye mshono wa ndani, kishike kwa kibanio juu ya sahani, maji yawe karibu, kiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizimikia, jivu linasagika vidoleni likipoa. Akriliki inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi.

Na kufua, kwa sababu vipele vingi vinaanzia kwenye beseni. Geuza sweta ndani nje, lolote lile. Usifikiche. Bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Sufu ina magamba madogo sana kwenye kila unyoya, maji ya moto na kufikicha vinayafanya magamba yashikane, sweta la baba linarudi saizi ya mtoto, na halirudi tena. Maji ya sufu joto lisizidi sentigredi 30, ya kusuuzia yawe ya joto hilohilo. Jiki ni mwiko, inayeyusha sufu. Sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa pia ziacheni, sufu ni protini kama nywele, na vimeng'enya vingine kazi yake ni kula protini.

Kukamua kwa kusokota, hapana. Liviringishe ndani ya taulo, likandamize, kisha lilaze kivulini juu ya taulo kavu. Ukilitundika kwenye kamba na maji yake, mikono inafika magotini. Akriliki inakauka haraka, hapo haina shida, ila pasi ya moto na mvuke vinailegeza, na ikishalegea haijirudi.

Kabla hatujaachana, habari za chaneli: maikrofoni mpya imefika, nadhani mnasikia tofauti. Jumamosi naleta sabuni tatu za maji za sufu, nitazifulia skafu moja niliyoikata vipande, tuone ipi inaacha kipande kikiwa laini. Jiungeni, bonyezeni kengele.

Ah, na swali la mwisho: blanketi la manyoya marefu? Hapana, usiipitishe huko, itaacha vipara. Hii ni ya nguo iliyofumwa, na nguo iwe imefuliwa na imekauka kabisa. Tuonane Jumamosi.