Tulikodi baiskeli Paje tukaenda mpaka Jambiani, haya ndo maoni yangu

Basi jamani mwezi wa kwanza huu nilivuka Unguja kumtembelea shosti wangu, akasema mambo ya gari tuyaache, tukodi baiskeli Paje twende ufukweni mpaka Jambiani, ni kama kilomita 7 hivi. Jina la duka silitaji maana kuna mazuri na kuna ya kunung'unikia.

Bei 15,000 kutwa nzima, kitambulisho unaacha. Walituletea za gia, zinang'aa kweli, shosti akazikataa pale pale. Akaomba ile nzito ya tairi pana, haina gia, breki unapiga pedali kinyume. Jamaa akamshangaa, ila kama umekulia pwani unajua, mchanga na maji ya chumvi vikiingia kwenye gia kazi imekwisha, inaanza kurukaruka cheni. Akamwambia tena atoe upepo kidogo kwenye matairi, na kweli yakawa yanakaa juu ya mchanga hayazami.

Kitu kilichoniudhi, dukani hakuna aliyetuuliza tunatoka saa ngapi. Kwa njia hii maji ndo barabara yenyewe! Yakijaa unabaki na ule mchanga laini wa juu, hapo utasukuma baiskeli mpaka ulie. Sisi ilikuwa bamvua, yaani siku ambazo maji yanajaa sana na kukupwa sana, yanakupwa saa nne asubuhi, tukatoka saa tatu na mchanga mgumu kama lami, unakanyaga tu inaenda. Ila usichukue saa zetu ukaenda nazo wiki ijayo maana kila siku yanachelewa karibu dakika 50, uliza wenyeji.

Kwenda raha tupu, kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, inakusukuma mgongoni, tukapita wale wa kaiti wanaovutwa na tiara juu ya maji, mbele huko kina mama wako kwenye mwani wanafunga vishada kwenye kamba, maji ya vifundoni. Hapo tafadhali zunguka mbali, usipite juu ya kamba za watu eti unatafuta picha, ile ni shamba. Shosti aliwasalimia shikamooni akapewa na habari za nusu kijiji, tukasimama pale weee.

Kurudi ndo kasheshe, upepo wote usoni, jua la saa sita, na siti yangu ikaanza kushuka. Kila nikikanyaga mara kumi inazama, magoti yanakaribia kidevu, na spana hawakutupa. Cheni nayo ina kutu ya kahawia inalia kri kri njia nzima. Tukaokolewa na fundi wa pikipiki kijijini, akakaza nati, akagoma kupokea hela, tukamnunulia dafu. Kuanzia hapo tukapanda barabara ya lami maana maji yalishaanza kurudi.

Tuliporudisha nikawaambia habari ya siti, wakaomba radhi wakapunguza 3,000, sawa. Ila spana na pampu ni vitu vya kumfungia mteja kwenye kikapu bila kuombwa.

Ningekodi tena? Ndiyo, pale pale, nyota tatu kati ya tano. Ila duka lolote mtakalochagua, pigeni simu siku moja kabla muwaambie wawawekee zile zisizo na gia, ziko chache na wageni wa hotelini wanaziwahi asubuhi.