Kitabu cha Maisha au Mawasiliano na Familia ya Kuzaliwa?

Mlezi anayetaka mtoto aliyeasiliwa, au aliye katika malezi ya kambo, asipoteze asili yake huwa na njia mbili kuu: kumwandalia kitabu cha maisha chenye picha, majina na simulizi za alikotoka, au kumwezesha kuwasiliana na familia iliyomzaa.

Kitabu kina utulivu. Mtoto hukifungua anapotaka na kukifunga anapolemewa, na hata pale wazazi wasipojulikana, bado yapo ya kuandika: mahali alipopatikana, waliompokea, aliyempa jina. Udhaifu wake ni kwamba hakijibu maswali mapya, na kikipambwa mno, mtoto ataugundua uongo (mara nyingi mapema kuliko tunavyodhani).

Mawasiliano, yawe ya barua, ya simu au ya ana kwa ana, ndiyo yanayojibu. Mtoto humwona mtu mwenye sura kama yake na kuisikia lugha ya kwao ikizungumzwa na wenyewe, jambo lenye uzito, kwa kuwa ibara ya 20 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inataka asili ya kikabila, kidini, kitamaduni na kilugha izingatiwe katika malezi mbadala. Hata hivyo, usalama hutangulia, na ahadi ya kuja isiyotimizwa huumiza upya.

Kwa maoni yangu, kitabu kianze mara moja, na mawasiliano yafuate kwa kasi ambayo mtoto mwenyewe anaistahimili.